Mshenga kati ya Wajapani na Wamarekani: jibu kwa aliyechoka kulaumiwa na pande zote mbili

"Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Nilisomea uhasibu nyumbani, kisha nikachukua shahada ya uzamili Nagoya. Sasa naishi Lexington, Kentucky, na nina kibali cha kudumu. Nafanya kazi katika kiwanda cha Kijapani cha vipuri vya magari. Cheo changu ni mratibu, lakini kazi yenyewe ni kusimama katikati: natafsiri vikao, barua pepe na simu za usiku za makao makuu Japani. Hata wenzetu wa Kongo walioko kwenye laini ya uzalishaji wakipata tatizo, naitwa mimi. Wiki mbili zilizopita Wamarekani walitoka kikaoni wakiamini pendekezo lao la kubadilisha msambazaji limepita. Wajapani walisema tu 'tutalichunguza'. Pendekezo halikupita, na lawama zimenishukia mimi. Meneja Mmarekani anasema naficha mambo. Mshauri wa Kijapani anasema nimekuwa Mmarekani mno. Mimi si Mjapani wala si Mmarekani, na wenzangu wananiambia kompyuta itatafsiri yote baada ya miaka michache. Usiku naamka moyo ukinidunda. Je, kazi hii ina mustakabali, au nirudi kwenye uhasibu? Na mdogo wangu aliyeko Dar, anayetaka kufuata njia hii, nimwambie nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kazi, na pole zaidi kwa usingizi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na naona mna maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja: kosa lilikuwa la nani, mtu asiye wa upande wowote ataaminiwa na nani, na kazi hii itamlisha mtu hadi lini. Nimekaa katikati kama wewe kwa miaka mingi, kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tuanze na kosa. Sehemu yake ni yako, ingawa si ile unayolaumiwa. Nadhani Wajapani waliposema kentō shimasu, wewe ulisema kwa Kiingereza kwamba pendekezo litachunguzwa. Kikamusi hukukosea hata herufi. Lakini Mmarekani akiambiwa jambo lake litachunguzwa, anasikia ahadi: kuna mtu amepewa kazi, na jibu liko njiani. Mjapani akilitamka neno hilo mbele ya watu, mara nyingi anafunga mlango taratibu ili usimbane mtu vidole. Mara nyingi, si kila mara. Likifuatwa na jina la mtu na tarehe, ni uchunguzi wa kweli. Likitanguliwa na pumzi inayovutwa kati ya meno, kichwa kikalazwa upande, na ikaja muzukashii desu ne, yaani "hili gumu kidogo", basi shauri limekwisha. Pale pale ulipaswa kuuliza, kwa Kijapani na kwa adabu: atakayelichunguza ni nani, na jibu tulitegemee lini? Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Na jibu lake, au ukimya wake, ndiyo tafsiri ambayo Wamarekani walikuwa wanaihitaji.

Huenda wenzako Wamarekani wanasema Wajapani ni wanafiki, husema ndiyo wakimaanisha hapana. Usilikubali neno hilo, hata kwa kucheka nao. Hai, ile "ndiyo" ya Kijapani, kikaoni maana yake ni "nakusikia, endelea", kama tunavyoitikia "naam" mzee anaposimulia. Na wewe ni mtu wa Tanga. Umekulia mahali ambapo mtu akiombwa mkopo akajibu "tutaona, inshallah", kila aliyepo barazani anajua pesa haitoki, wala hakuna anayemwita mwongo. Sikio hilo unalo tangu utotoni. Mmarekani hana, na ndani ya kikao kile wewe ndiye sikio lake.

Upande wa pili nao unahitaji kusahihishwa. Tunaambiwa Mmarekani husema wazi. Ni kweli anapotaka bei, anapoomba, anapobisha takwimu. Anapomkosoa mtu, humfunika kwa sifa: kazi nzuri sana, nimeipenda, labda tu tutazame hapa kidogo. Mhandisi wa Kijapani huichukua ile "kazi nzuri sana" akaenda zake nayo, kwa sababu kwao bosi hasifu ovyo. Ukifanya vizuri, ananyamaza. Bosi huyohuyo wa Kijapani anaweza kumwambia kijana wake kwamba ripoti haifai, irudiwe, na kijana akainama akaenda kuirudia. Mmarekani akiambiwa hivyo, jioni anatafuta kazi nyingine.

Hapo ndipo mimi nilipoanguka, mwaka wangu wa pili. Mhandisi mgeni kutoka Japani alitazama sampuli za kiwanda kimoja akasema kwa ufupi: hizi hazitumiki, tengenezeni upya. Nikauona uso wa msimamizi Mmarekani, mtu mwema aliyekesha juu ya sampuli zile, nikamhurumia. Nikasema, "Anaona bado zinaweza kuboreshwa." Wakaziboresha. Wiki mbili baadaye mhandisi akaletewa sampuli zilezile zilizopigwa msasa kidogo. Yeye akadhani anadharauliwa, msimamizi akadhani anachezewa, na katika chumba kile mimi peke yangu nilijua kilichotokea. Tangu siku ile nalainisha sauti, silainishi habari. Nasema: "Anasema hazitumiki na zitengenezwe upya." Kisha naongeza, nikitaja wazi kwamba maneno yafuatayo ni yangu: "Kwa mazungumzo ya kwao, hili ni juu ya sampuli, si juu yako." Ukizoea kuitenganisha sentensi yao na sentensi yako, hakuna atakayekuambia unaficha.

Lakini kikao chako kingevunjika hata kama ungetafsiri kwa ufundi wote, kwa sababu tatizo lilianza kabla ya kikao. Kwetu pwani, siku ya posa wazee wakishakaa, hakuna anayekuja kuamua. Mshenga ameshapita nyumba hii na ile, ameshamsikiliza shangazi mwenye kinyongo, mahari imeshazungumzwa, na kama kulikuwa na neno la kukataa limeshasemwa pembeni lisikomwaibisha mtu. Siku ile ni ya kutangaza. Kampuni ya Kijapani ya jadi huenda hivyohivyo. Wanaita nemawashi, neno la watunza bustani, maana yake kuizunguka mizizi: anayetaka kuhamisha mti mkubwa huchimba kuuzunguka na kuikata mizizi kidogo kidogo muda mrefu kabla ya kuung'oa, ili uote mizizi midogo mipya na usife utakapohamishwa. Baada ya mazungumzo ya pembeni huandikwa hati ya ringi, inayopita meza kwa meza ikigongwa muhuri, kutoka chini kwenda juu. Inapofika kikaoni imeshakomaa.

Wamarekani wako walikuja siku ya posa wakitaka kuanza kujadili mahari. Kwao kikao ndicho uwanja: watu hubishana, mkubwa huamua, jina na tarehe huandikwa, na hali ikibadilika wiki ijayo uamuzi nao hubadilishwa bila mtu kuona aibu.

Nataka uelewe kwa nini, maana ukilijua hili utaacha kuukasirikia upande wowote. Meneja wa Kijapani wa kampuni kubwa aliajiriwa Aprili moja pamoja na vijana wenzake waliotoka chuo, na wengi wao atazeeka nao. Mwenzake akiaibishwa hadharani leo, kidonda hicho atakaa nacho miaka thelathini. Meneja Mmarekani, katika majimbo karibu yote, anaweza kuachishwa kazi siku yoyote, na kila mwaka hupimwa kwa matokeo yenye jina lake. Uamuzi usio na mwenyewe kwake ni hatari, kwa sababu ukiharibika hajui utamwangukia nani. Mmoja analinda uhusiano, mwingine analinda uwazi wa wajibu. Wote wawili wanalinda riziki.

Kisha kuna saa. Ni jambo dogo, nami naliona kuwa chanzo cha nusu ya uhasama katika viwanda vya huko kwenu. Kentucky majira ya joto iko nyuma ya Japani kwa saa 13, na majira ya baridi saa 14. Saa mbili usiku kwenu, Julai, Japani ni saa tatu asubuhi na ofisi ndiyo zimefunguliwa. Kwa hiyo wale Wajapani waliotumwa kwa miaka mitatu au mitano hurudi kwenye simu baada ya chakula cha jioni, wakati Wamarekani wako kwenye mechi za watoto wao. Asubuhi Mmarekani anakuta jambo la jana limegeuka. Anaona njama. Hakuna njama, kuna mazungumzo yaliyofanyika akiwa amelala. Wewe unakuwepo kwenye simu hizo. Muombe bosi wako ruhusa ya kuandika kila asubuhi nusu ukurasa: nini kiliulizwa usiku, nani hajaridhika, nini bado hakijaamuliwa. Sijaona dawa ya bei rahisi kuliko hiyo.

Na uangalie kalenda ya fedha, wewe mhasibu. Mwaka wa fedha wa kampuni nyingi za Kijapani huanza Aprili 1. Pendekezo linaloletwa bajeti ikiwa imeshafungwa hukataliwa kwa upole hata likiwa zuri. Je, lile la msambazaji lilikuja mwezi gani?

Sasa swali lako lililoniuma zaidi, la kutokuwa wa huku wala wa kule. Kijana mvuvi aitwaye Manjirō alivunjikiwa na chombo mwaka 1841, akiwa na miaka 14. Aliokolewa na meli ya Kimarekani ya kuvua nyangumi, na nahodha wake, William Whitfield, akampeleka Fairhaven, Massachusetts, akamsomesha. Alirudi Japani mwaka 1851, akahojiwa kwa miezi, maana kurudi kutoka nje kulikuwa kosa zito. Meli za kivita za Perry, kamanda Mmarekani, zilipofika Japani mwaka 1853 akaitwa Edo, yaani Tokyo ya leo, kwa sababu hakukuwa na Mjapani aliyeijua Marekani kama yeye. Hata hivyo hakuruhusiwa kukaa mezani na kutafsiri mazungumzo yale. Wakubwa walihofia moyo wake uko kwa waliomlea. Walimtumia kwa ushauri, nyuma ya pazia. Ila mwaka 1860, meli ya Kanrin Maru ilipovuka kwenda San Francisco, alikuwa ndani yake kama mkalimani. Shaka unayoonjeshwa leo ilikuwepo tangu siku ya kwanza ya kazi hii, na ilimpata mtu aliyezaliwa Mjapani. Haitokani na pasipoti yako. Inatokana na mahali unaposimama.

Tena nitakuambia nilichokiona: mgeni wa pande zote mbili ana nafuu moja. Mjapani akimuuliza Mjapani mwenzake "kwa nini mnafanya hivi?" anaonekana mjinga au mkorofi. Mmarekani akiuliza anaonekana analalamika. Wewe ukiuliza unajibiwa, kwa sababu hakuna anayetarajia uwe unajua. Itumie ruhusa hiyo.

Kama unaona kazi hii haijawahi kuzaa kitu kikubwa, kumbuka kiwanda cha Fremont, California. General Motors ilikifunga mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya: utoro, migomo, magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale wa chama kilekile cha wafanyakazi wa magari, UAW. Mamia walipelekwa kiwanda cha Takaoka, Japani, wakafanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Waliporudi, mfanyakazi wa laini aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha kazi akiona kasoro, jambo ambalo zamani lisingefikirika. Ubora ukapanda kwa muda mfupi. Lakini General Motors ilipotaka kupeleka mafunzo hayo kwenye viwanda vyake vingine ilipata taabu kubwa kwa miaka. Kamba yenyewe ilikuwa rahisi kunakili. Kilichokuwa kigumu ni bosi wa laini kuja mbio na kusema "asante kwa kusimamisha", akamaanisha. Hilo hujengwa na watu wanaokaa katikati, siku kwa siku.

Hapo ndipo linapoingia swali la kompyuta. Sitakudanganya: kazi ya kutafsiri maandishi ya kawaida, kama barua pepe na muhtasari wa vikao, inapungua, na ningekuwa na riziki inayotegemea hiyo tu ningeanza kuhama leo. Mashine ingetafsiri kentō shimasu sawasawa na ulivyotafsiri wewe, na kikao kingevunjika vilevile. Isingejua kwamba mkuu wa ununuzi hakuwa amezungumzishwa kabla, wala isingemfuata pembeni siku ya Jumatatu. Sehemu ya kazi yako ambayo mashine inaichukua ni ileile iliyokuletea lawama.

Kwa hiyo usirudi kwenye uhasibu. Uhasibu uje ulipo. Mtu anayejua Kijapani tu ni mkalimani, na mshahara wake una dari. Mtu anayeweza kukaa na Wajapani akajadili gharama ya kipuri kimoja hadi senti, kisha akamweleza meneja Mmarekani kwa nini makao makuu wanauliza mara tatu juu ya namba ileile, huyo hawamwachii kirahisi. Wanauliza mara tatu, kwa njia, kwa sababu ya hōrensō: kuripoti, kuarifu, kushauriana. Neno hilo linatamkwa sawa na jina la mboga yao ya majani, ndiyo maana hakuna mwajiriwa mpya anayelisahau. Mmarekani akiulizwa mara tatu anahisi anachungwa. Mjapani asipoarifiwa anahisi anafichwa.

Cheo chako nacho kisemwe. Kama wanataka ulaumiwe kama mtu mwenye mamlaka, wakupe mamlaka. Omba uonyeshwe ajenda kabla ya kila kikao, omba haki ya kusimamisha mazungumzo na kuuliza "nani, lini?", na omba uwekwe idara ya gharama au ununuzi badala ya kuelea. Usiyaseme haya kikaoni. Kunywa kwanza chai na mshauri wa Kijapani, muulize ushauri wake, hata kama unajua atasema nini. Ukishamsikiliza, andika ukurasa mmoja wenye namba kwa meneja Mmarekani. Fanya nemawashi kwa ajili yako mwenyewe safari hii. Wape miezi sita. Wakikubali kwa maneno na lisibadilike hata moja, tafuta kiwanda kingine. Kutoka Georgetown, hapo kwenu Kentucky, ambako Toyota inaunda magari tangu 1988, hadi Ohio kwa Honda, wasambazaji wa aina yenu ni wengi.

Dari ya juu ipo kweli. Kampuni nyingi za aina hii huweka nafasi za juu kwa watu waliotumwa kutoka Japani. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Sumitomo dhidi ya Avagliano, ilisema kampuni tanzu iliyosajiliwa Marekani haiwezi kujikinga kwa mkataba wa Japani na Marekani ili kukwepa sheria inayokataza ubaguzi katika ajira. Hukumu za baadaye zimeacha mianya, kwa hiyo ukinyimwa nafasi na ukaona sababu ni asili yako au jinsia yako, usinitegemee mimi wala barua pepe ya hasira. Muone mwanasheria wa ajira ana kwa ana, mapema: muda wa kulalamika kwa EEOC, tume ya Marekani ya usawa katika ajira, ni siku 180, au 300 katika majimbo yenye chombo chake cha kupokea malalamiko hayo.

Mambo mengine mawili usiyabebe peke yako. Wakikuita utafsiri mtu akiadhibiwa, akifukuzwa au akiwa ameumia kazini, hasa hao ndugu zetu wa Kongo wanaokuamini kwa sababu ya Kiswahili, kataa kwa adabu na uombe mkalimani wa nje mwenye sifa. Neno moja likipotea hapo, anayepotea ni mtu. La pili ni moyo unaodunda usiku. Huenda ni zile simu za saa nne usiku, huenda ni zaidi. Muone daktari wiki hii, umweleze saa zako za kazi, kisha urudi kwa bosi na pendekezo la simu mbili kwa wiki badala ya tano.

Kuhusu mdogo wako. Mwambie asome kwanza ufundi au fani, Kijapani kiwe mkono wa pili. Mtihani wa JLPT, ule wa kupima Kijapani cha wageni, kuanzia ngazi ya chini N5 hadi ya juu N1, ni mlango mzuri, lakini haupimi kuzungumza wala kuandika, na waajiri wanalijua hilo. Aulizie mpango wa ABE wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, uliotangazwa kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika juu ya maendeleo, huko Yokohama mwaka 2013, unaowapa vijana wa Afrika shahada ya uzamili Japani na mafunzo kwa vitendo katika kampuni. Asidhani kampuni ya Kijapani inaweza kumpeleka Marekani kwa viza ya mkataba, ile ya E: hiyo huwataka wafanyakazi wenye uraia uleule wa wenye kampuni. Njia inayowezekana zaidi ni kuhamishwa ndani ya kampuni kwa viza ya L-1, baada ya kuifanyia kazi nje ya Marekani angalau mwaka mmoja mfululizo. Kabla ya kulipa senti kwa wakala yeyote, akae na mwanasheria wa uhamiaji.

Wewe anza na ile chai. Ukishazungumza na mshauri wako, niandikie alijibu nini, na alinyamaza kwa muda gani kabla ya kujibu.